Kamba za aktini hatua ya 10B zimeonekana

Zimeonekana! Kamba za aktini (protini ya nyuzi inayoipa seli umbo) ndani ya seli walezi, zile zinazolisha seli-yai kwenye ovari ya nzi wa matunda, hatua ya 10B ya ukuaji wa yai, zimenyooka kutoka kwenye utando wa seli hadi karibu na kiini, pande zote. Nimeikodolea macho skrini ya konfokali (hadubini inayopiga picha tabaka kwa tabaka) mpaka mlinzi akaja kufunga jengo.

Wafugaji wa Drosophila, nzi hao, wenzangu utaratibu mnaujua: hamira kwa siku mbili, kupasua, kufiksi (kuzigandisha seli kwa kemikali zibaki zilivyo), faloidini (yenye rangi ing'aayo, hushika nyuzi za aktini). Siurudii. Tatizo langu lilikuwa moja tu. Mifereji ya pete inayounganisha seli walezi 15 na seli-yai iling'aa vizuri kila mara. Seli za folikuli, zinazozivika hizo kwa nje, ziling'aa. Hata ala ya misuli inayovika kila ovarioli (mnyororo wa mayai yanayokua) iling'aa kupita kiasi. Ila pale zinapotakiwa kamba, nilipata ukungu na vipande vipande. Nilishuku kila kitu: umri wa faloidini, sabuni ya kutoboa utando, nguvu ya leza, hata nzi wenyewe. Nzi wenye hitilafu ya jeni ya singed hukosa fasini, protini inayofunga nyuzi za aktini ziwe kitita kimoja, lakini hao unawajua kwa manyoya yao ya mgongoni yaliyopinda. Wa kwangu yamenyooka.

Mchawi ni formalini ya chupa niliyokuwa nikifiksia. Hutiwa methanoli ili isigande, na methanoli huvuruga lile umbo la uzi wa aktini ambalo faloidini hulishika. Nadhani mifereji ya pete ilistahimili kwa sababu aktini yake ni nene na imeshonana, kamba nyembamba zikasambaratika. Nikapika paraformaldehaidi ya unga, asilimia 4, nikaitumia siku ileile. Tofauti ni mchana na usiku!

Nazing'ang'ania kamba hizi kwa sababu ya kinachofuata. Hatua ya 11 seli walezi hujiminya na kumwaga karibu saitoplazimu yao yote kwenye seli-yai, kwa muda wa nusu saa hivi. Viini vyao ni vikubwa mno, na kamba ndizo huvizuia visichukuliwe na mkondo. Kwa nzi wenye hitilafu ya jeni ya quail au chickadee kamba hazijengeki sawasawa, viini huenda kuziba mifereji, na yai hubaki dogo. Uhai wa kizazi kizima umeshikiliwa na nyuzi ambazo methanoli kidogo inazifuta.

Kuhusu programu: Fiji, ya kuchambulia picha za hadubini, ni ya bure na inatosha kabisa. Ila msizikusanye tabaka zote kuwa picha moja, maana misuli na folikuli zitafunika kila kitu. Pitieni tabaka moja moja. Na ala ya misuli ivuliwe mapema, kwa kibano namba 5 chenye ncha nzima. Sindano za tungsten zinasifiwa sana, lakini mimi zinanichania ovarioli.

Nilipanga kufuata na vipimo vya mifereji ya pete, inavyopanuka hadi karibu mikroni 10. Itasubiri. Nikishuka tabaka kwa tabaka nimekutana na nyuzi za upande wa nje wa seli za folikuli, zimelala sambamba seli baada ya seli, zikikizunguka chumba cha yai (seli-yai, seli walezi na folikuli kwa pamoja) kama pete za chuma zinavyobana pipa. Ndizo zinazolifanya yai lirefuke badala ya kunenepa. Na mpangilio huo unahusiana na kule kujizungusha kwa chumba kizima katika hatua za mwanzo, jambo ambalo Haigo na Bilder waliliripoti mwaka 2011. Ovari iliyofiksiwa haizunguki, lakini vijidole vya aktini kwenye ukingo wa mbele wa kila seli hubaki vimeelekea upande seli ilikokuwa ikienda.

Basi nzi wapya wameshapewa hamira, na safari hii natafuta vyumba vya hatua ya 6 na 7 tu. Nataka kuona kama vyumba jirani kwenye ovarioli moja vinaelekea upande mmoja.