Anwani haisafiri na pakiti

Jumamosi moja mwaka jana, mama mmoja alipanda basi kutoka Kibaha hadi Ubungo kufuata mzigo ambao haukuwepo. Kwenye simu yake kulikuwa na ujumbe: "Mzigo wako umefika, njoo uuchukue." Ujumbe ule niliutuma mimi, nikiwa kwenye seva ya majaribio.

Kazi yangu ni kuunganisha mifumo, ili ule wa mizigo, ule wa malipo na ule wa SMS isikilizane. Natumia WSO2 Micro Integrator, programu ya kuunganisha mifumo. Siku ile nilichukua faili la .car, yaani pakiti yenye maelekezo yote ya kuunganisha, kutoka seva ya laivu inayohudumia wateja, nikaliweka kwenye folda ya carbonapps, ambako programu hiyo inasoma pakiti zake, ya seva ya majaribio, nikaona sasa mazingira yamefanana. Kumbe anwani ya mtoa huduma wa SMS ilikuwa imeandikwa ndani ya pakiti yenyewe, na data ya majaribio ilibeba namba za wateja wa kweli.

Nilimpigia yule mama kumwomba radhi. "Sasa mwanangu, na nauli yangu?" Nilimrudishia palepale, lakini siku yake sikuweza kumrudishia.

Jumatatu nilifungua kila endpointi, yaani kila mahali pakiti inapotaja mfumo wa kupelekea ujumbe. Palipokuwa na anwani ya SMS nikaweka $SYSTEM:ANWANI_SMS, jina tu linalosubiri kujazwa, ili pakiti iwe ileile kwenye seva zote, na kila seva ijaze anwani yake. Nikaandika anwani kwa amri ya export kwenye .bashrc, faili linalosomwa ukifungua dirisha la amri, nikaiwasha programu kwa mkono, ikakubali. Nikawasha kwa systemd, inayowasha huduma za Linux yenyewe, ikagoma. Saa mbili nzima nilikuwa nasoma logi kabla ya kukumbuka kwamba systemd haisomi .bashrc kabisa! Thamani zinatakiwa zikae kwenye faili lake, linalotajwa kwa EnvironmentFile ndani ya yuniti, yaani faili linaloiambia systemd jinsi ya kuwasha huduma. La kwangu lina ruhusa 600 (mwenyewe tu ndiye anayelisoma na kuliandika) na mwenyewe ni root, msimamizi mkuu wa mashine, kwa sababu nywila nazo zimo humo. Kwenye Git, tunakotunzia kodi, haliingii.

Ukiendesha Micro Integrator mbili kwenye mashine moja, zitagombania poti (namba za milango ya mtandao) 8290 na 8253. Kwa ya pili weka offset = 20, badala ya 10 ya kawaida, chini ya [server] kwenye deployment.toml, faili lake la mipangilio; itahamia 8300 na 8263. Hilo halikupotezei muda.

Namba za wateja nimezibadilisha zote kwenye data ya majaribio; zilizobaki ni za laini zetu wenyewe ofisini. Bado moyo haukutulia, maana mtu anaweza kukosea faili la mazingira kama nilivyokosea mimi pakiti. Nikamwomba mtu wa mtandao afunge njia ya kutoka seva ya majaribio kwenda kwa mtoa huduma wa SMS.

Sasa kila nikiandaa seva ya majaribio, kabla sijawasha chochote, napiga curl, amri ya kujaribu kufikia anwani, kwenda kwenye anwani ile ya laivu ya mtoa huduma wa SMS. Nasubiri. Ikiandika "Connection timed out", yaani imesubiri bila kufika, ndipo naanza kazi.