Swali Kuhusu Uzi wa Tano

Kwa zaidi ya miaka miwili nilirudia kusikiliza kipande kimoja cha gitaa kisichofika nusu dakika. Ndani yake noti nzito ya G inaendelea kuvuma, huku vidole vya mpigaji vikishuka shingoni hadi karibu na tumbo la gitaa kuzitafuta sauti nyembamba za wimbo, bila papara yoyote. Anayepiga gitaa la nyuzi sita anajua kwamba G hiyo nzito kwa kawaida hupatikana kwa kuubana uzi wa sita karibu na kichwa cha gitaa, na kwamba mkono mmoja hauwezi kuwa pande zote mbili kwa wakati mmoja. Nililegeza uzi wa sita, kwa kuwa ndiyo njia inayotumiwa na wengi, lakini G ile ikaendelea kudai kidole ambacho sikuwa nacho. Nikaanza kuamini kwamba kulikuwa na gitaa la pili lililofichwa ndani ya rekodi. Mwishowe nilimwuliza mwenyewe.

Huyo mwenyewe ni gwiji ambaye sitamtaja kwa jina, kwa sababu aliniandikia mimi na hakuwaandikia wasomaji wangu. Ujumbe wangu wa kwanza kwake ulikuwa mrefu sana. Nilimweleza jinsi muziki wake ulivyonifariji katika vipindi vigumu, nikamtajia albamu zake zote nilizo nazo, nikamwambia kwamba hakuna anayemfikia. Kila neno lilikuwa la kweli. Haukujibiwa, na nilipousoma tena niliona kwamba haukuwa na jambo lolote la kujibiwa. Miezi kadhaa baadaye niliandika tena, safari hii kwa ufupi: nilitaja rekodi, dakika na sekunde, nikaeleza nilichojaribu na mahali kiliponishinda, nikauliza G ile inatoka kwenye uzi gani.

Jibu lilikuja baada ya siku tisa. Uzi wa tano, aliniambia, ulikuwa umelegezwa kutoka A hadi G, kwa hiyo noti ile ililia pasipo kubanwa na kidole chochote, na mkono wa kushoto ukabaki huru kwenda unakotaka. Kisha akaniomba nimtumie rekodi ya jinsi ninavyokipiga kipande hicho mimi.

Tangu siku hiyo nimeutafakari sana uhusiano huu wa mpenzi wa muziki na gwiji anayemstahi kupitia intaneti, na nimesadiki kwamba thamani yake kubwa ni kupata pa kuuliza. Rekodi huficha mengi. Haionyeshi kidole kipi kilitangulia, pumzi ilivutwa wapi, wala uzi ulikazwa kiasi gani kabla ya kupigwa. Zamani aliyetaka kuyajua hayo, kama hakuwa na bahati ya kuwa mwanafunzi wa gwiji ana kwa ana, aliandika barua kwa kampuni ya rekodi na kuomba imfikie mhusika, au alisubiri mlangoni baada ya onyesho, mahali ambapo swali la maana halina nafasi kwa kuwa msanii amechoka na foleni ni ndefu. Leo swali la mpigaji asiyejulikana linaweza kuingia katika simu ileile ambayo gwiji anaitumia kuwaandikia wanawe, na hilo ni jambo zito ambalo sisi mashabiki tunapaswa kulishika kwa uangalifu.

Walioianza njia hii ni mashabiki wenyewe, tena walianza kwa kutafutana wao kwa wao. The WELL, mtandao wa majadiliano uliozinduliwa California mwaka 1985, ulipata uhai wake mwingi wa awali kutoka kwa wapenzi wa bendi ya Grateful Dead, ambayo tayari ilikuwa ikiwaruhusu mashabiki warekodi maonyesho yake na kubadilishana kanda. Mwaka 1997 bendi ya Marillion ya Uingereza ilipoeleza kwamba haikuwa na fedha za kufanya ziara Marekani, mashabiki walichangishana kupitia intaneti takriban dola 60,000, na wazo hilo lilikuwa lao. Bendi ilielewa upesi. Ilipokuwa ikitayarisha albamu yake iliyotoka mwaka 2001, iliwaomba wapenzi wake wailipie kabla haijarekodiwa, na zaidi ya 12,000 wakalipa pasipo kusikia noti hata moja. Kila ninapoifikiria idadi hiyo ninamwona mwanamuziki akiingia studio akijua ni kina nani wanaomsubiri.

Hata hivyo, mfano unaonigusa zaidi ni wa Eric Whitacre, mtunzi na kiongozi wa kwaya kutoka Marekani. Msichana mmoja aliyeupenda muziki wake alijirekodi akiimba sauti ya soprano ya utunzi wake mmojawapo, akaiweka video hiyo YouTube ili imfikie kama salamu. Whitacre angeweza kushukuru na kuishia hapo. Badala yake alijiuliza ingekuwaje kama watu wengi wangejirekodi vilevile, kila mmoja kwa sauti yake, kisha zote zikaunganishwa. Mwaka 2010 ikasikika kwaya ya waimbaji 185 kutoka nchi 12, na mwaka uliofuata sauti zilizidi 2,000, kutoka nchi 58. Kila mmoja aliimba peke yake akiitazama video ya Whitacre akiongoza kwa mikono. Salamu ya shabiki mmoja ilipewa kazi ya kufanya, na kazi hiyo ikawa kubwa kuliko aliyeituma na aliyeipokea.

Walirekodi mmoja mmoja kwa sababu ya jambo ambalo kila anayetamani kupiga pamoja na gwiji wake kupitia intaneti hana budi kulikubali. Sauti husafiri hewani takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo wapigaji wawili waliosimama mita 10 mbali husikiana baada ya milisekunde 29 hivi. Ucheleweshaji ukizidi hapo mwendo huanza kuzorota, kwa maana kila mmoja anamsubiri mwenzake. Simu ya video ya kawaida huchelewesha sauti mara kadhaa zaidi. Zipo programu kama JackTrip, iliyotokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, ambazo hupunguza sana ucheleweshaji huo, hasa kompyuta ikiunganishwa kwa waya, lakini umbali wa kutoka bara moja hadi jingine huzishinda hata hizo, kwa kuwa mwanga wenyewe ndani ya nyaya za intaneti una mwendo wake usiozidishwa.

Mimi sioni hasara kubwa katika hilo, maana limezaa njia ninayoiamini kuliko nyingine zote, nayo ni ya kutumiana video. Shule ya ArtistWorks, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2008, ilijengwa juu ya wazo hilo: mwanafunzi hujirekodi akipiga, humtumia gwiji, gwiji naye hujibu kwa video, kisha video zote mbili hubaki mahali ambapo wanafunzi wengine wanaweza kuzitazama. Tony Trischka, gwiji wa banjo ambaye Béla Fleck, mpigaji mashuhuri wa ala hiyo, alikuwa mwanafunzi wake, amekuwa mmoja wa walimu wa shule hiyo. Katika mpango wa namna hii kuchelewa kunageuka kuwa faida. Gwiji anaweza kuirudia video ya mwanafunzi mara mbili au tatu kabla ya kusema lolote, na mwanafunzi, kwa kuona haya kutuma kazi mbovu kwa mtu anayemheshimu hivyo, hujirekodi mara kumi au kumi na tano, na mazoezi yenyewe ndiyo hayo. Tena yule aliyekaa kimya hupata majibu ya maswali ambayo hakujua kwamba alikuwa nayo. Nimejifunza mengi kutokana na makosa ya watu nisiowajua, walioyaonyesha hadharani kwa ujasiri ambao sikuwa nao.

Wanaopata nafasi ya kumpigia gwiji muziki moja kwa moja kwa simu ya video wanahitaji tahadhari moja. Nilihudhuria kikao ambacho mwenzetu alimpigia fidla mwalimu mashuhuri, na noti zake ndefu, ambazo alikuwa amezifanyia mazoezi kwa wiki nyingi, zilifika zikiwa zimekatikakatika, nyingine hazikufika kabisa. Kosa halikuwa lake. Programu hizi zimeundwa kwa ajili ya mazungumzo, kwa hiyo sauti ndefu isiyobadilika huichukulia kuwa mngurumo wa feni na kuifuta. Ni lazima kuingia katika mipangilio na kuzima upunguzaji wa kelele, au kuchagua sauti asilia pale programu inapotoa chaguo hilo, na kuvaa spika za masikioni ili sauti ya mwalimu isirudi kwenye maikrofoni. Ni dakika mbili za matayarisho, na kila ninapomkumbuka mwenzetu yule akishusha fidla yake kifuani ninatamani mtu angetuambia mapema.

Mara chache gwiji ndiye anayebisha hodi. Mwaka 2007 Neal Schon, mpiga gitaa wa bendi ya Journey iliyokuwa ikitafuta mwimbaji, alikuta YouTube video za Arnel Pineda, mwimbaji kutoka Ufilipino, akiimba nyimbo za bendi mbalimbali zikiwemo za Journey yenyewe, akamwandikia. Pineda alidhani ni utapeli. Kabla mwaka haujaisha alikuwa mwimbaji wa bendi hiyo. Habari hii hupendwa sana na mashabiki, nami naipenda, ila naona shaka ya Pineda inastahili kukumbukwa sawa na bahati yake, kwa kuwa leo karibu kila mwanamuziki mwenye wafuasi wengi ana akaunti bandia zinazotumia jina na picha yake. Huwavizia wanaoacha maoni yenye mapenzi, huanza wao kuandika, huwahamishia haraka kwenye programu nyingine ya ujumbe, na baada ya siku chache huomba fedha, iwe kwa ajili ya msaada, uanachama au nafasi ya kukutana. Kuhakikisha akaunti kupitia tovuti rasmi ya msanii ndiyo kinga ya kwanza. Zaidi ya hapo, yatazameni yale anayopenda kuyazungumza: tapeli atakusifu wewe, atakusifu tena, lakini hatakuwa na la kusema kuhusu nyuzi, vidole wala pumzi.

Kuhusu kujibiwa, sidhani kwamba gwiji ana deni kwetu. Ameshatupa muziki. Mashabiki elfu kumi wakimwandikia kila mmoja ujumbe mmoja tu, hatabaki na siku ya kufanya mazoezi, na mazoezi hayo ndiyo yaliyotufanya tumwandikie. Wapo wanaopendelea kutoa kwa wote kwa mara moja. Kumbi zilipofungwa mwaka 2020, mpiga piano Igor Levit alianza tarehe 12 Machi kupiga mubashara kutoka nyumbani kwake Berlin kupitia Twitter, na akaendelea hadi maonyesho yakazidi 50. Mtu mwenye mikono juu ya piano hawezi kumjibu yeyote, lakini sidhani kwamba waliokaa kumsikiliza jioni zile walikosa kitu. Katika matangazo ya namna hiyo huwa nahuzunika nikiona maoni yanayomshurutisha msanii ataje jina la mtazamaji, tena wakati sehemu tulivu kabisa ya wimbo inapita. Aliyeuliza hivyo hakuisikia sehemu ile, na huenda hatapata nafasi ya kuisikia ikipigwa vile tena.

Rekodi yangu ya kwanza nilimtumia gwiji wangu baada ya wiki tatu. Alinijibu kwamba G ilikuwa ikizimika mapema kwa sababu upande wa kiganja changu cha kulia uligusa uzi wa tano, na kwamba nizoee kusikiliza mwisho wa noti kuliko mwanzo wake. Sikuwa nimewahi kusikiliza mwisho wa noti. Nilikaa na uzi huo mmoja jioni nyingi, nikiupiga na kuungoja unyamaze wenyewe, kabla ya kuurudia wimbo. Baada ya rekodi ya pili aliandika mstari mmoja tu, kwamba sasa kiganja kimetulia ila kidole gumba kinautangulia wimbo.

Jana usiku nimerekodi mara ya tatu. G inavuma hadi mwisho wa kipande. Kidole gumba bado kinatangulia kidogo, kwa hiyo sijaituma.