Akwariamu ya ukutani, Muhumba

Nyumba aliyoinunua mjomba wangu mwaka 2013 ni ya wakati Bukavu ikiitwa bado Costermansville: kuta nene, pembe za mviringo, baraza linalotazama Ziwa Kivu. Katika ukuta unaotenga sebule na chumba cha kulia lilikuwamo sanduku la zege, urefu mita 2.40, upana sentimita 60, mbele kioo kilichopasuka kwenye kona. Wapangaji waliotangulia walilitumia kuwekea viatu. Mama mmoja jirani alituambia kwamba mara ya mwisho kuona samaki humo ilikuwa kabla ya vita vya 1996.

Mke wa mjomba alitaka libomolewe, pajengwe kabati ya vyombo. Sikumlaumu. Mjomba naye alikulia Uvira, akiogelea kwenye miamba ya Ziwa Tanganyika, na alipoliona sanduku lile bei ya nyumba ilimtoka akilini. Marafiki zake wakaleta suluhu ya katikati: nunua akwariamu ndogo ya vioo, lita mia hivi, uiweke juu ya meza, yaishe. Mimi nilikuwa likizoni, nasoma kemia, basi nikapewa cheo cha mshauri na nyundo ya kubandulia lipu.

Lipu ya ndani ilitoka kwa mapande. Fremu ya chuma ilikuwa imeliwa na kutu hadi unaweza kuikata kwa koleo. Lakini zege lenyewe lilikuwa zima, na hapo ndipo alipoingia mzee fundi kutoka Kadutu, mtu aliyejenga matangi ya maji ya mvua maisha yake yote na ambaye hakuwahi kufuga hata samaki mmoja. Aligonga kuta kwa mpini wa patasi, akisikiliza. Kisha akauliza maji yatafika wapi. Mjomba akaonyesha, sentimita 65.

Shida ilikuwa kioo. Kwa urefu wote ule tulihitaji kioo kimoja cha milimita 15 angalau, na mjini tulipata cha milimita 12 tu, kile kinachotumika kwa meza za ofisi. Nilikaa na karatasi nikapiga hesabu: maji ya kina kile, kwenye uso wa mita 2.40, yanasukuma kwa nguvu ya karibu nusu tani. Mzee hakutazama karatasi.

"Patro, mayi haisukumaki juu ya urefu, inasukumaka juu ya kina," alisema. "Kioo ndiyo inaogopa urefu. Tuikate mara mbili, katikati natia nguzo."

Ndivyo ilivyo, kwa kweli. Shinikizo la maji chini ya tangi linategemea kina peke yake. Liwe na mita moja au kumi, ni lile lile. Kinachobadilika ni kioo: kikiwa kirefu hujipinda zaidi katikati. Nguzo moja ya zege, yenye nondo ndani, ikageuza dirisha moja la hatari kuwa madirisha mawili ya kawaida, na milimita 12 zikatosha. Mjomba alinung'unika kidogo kuhusu sura. Binafsi naona nguzo ile iliipendeza nyumba kuliko kioo kizima.

Jambo la pili ambalo mzee hakukubali kulijadili: kioo kiingizwe kutoka ndani, kiegemee fremu. Hivyo maji yanakibana kioo kwenye fremu, badala ya kukisukuma kitoke. Silikoni inabaki na kazi ya kuzuia uvujaji tu.

Silikoni yenyewe ilinichosha. Karibu kila bomba madukani Nyawera lilikuwa la bafuni, lenye dawa ya kuzuia ukungu, na dawa hiyo huua samaki. Nilisoma maandishi ya nyuma ya mabomba hadi wauzaji wakanichoka, nikapata mwishowe ile ya kawaida inayonuka siki ikikauka. Sebule ilinuka achari kwa siku nyingi.

Simenti mpya nayo ni sumu ya aina yake. Chokaa yake hutoka na kuingia majini, na samaki hawezi kuvumilia. Baada ya lipu kukomaa chini ya magunia yaliyolowa na kupakwa rangi ya epoksi, tulijaza maji kwa hatua, theluthi kwa theluthi, magazeti yakiwa yametandikwa sakafuni ili tone lolote lionekane. Tone lilionekana: kwenye bomba la kutolea maji, si kwenye kioo. Tukamwaga, tukaziba, tukajaza, tukamwaga tena, na kila mara nilichovya karatasi za kupimia pH (kiasi cha asidi au magadi majini) nilizoomba maabara, hadi rangi ikarudi kwenye 9.

Hiyo 9 ndiyo tuliyoitaka, na hapa nilijipatia heshima yangu. Maji ya Kivu na ya Tanganyika yote mawili yana magadi, yako karibu na kipimo hicho. Tena ni ndugu. Zamani Kivu lilimwaga maji kaskazini, upande wa Nile. Volkano za Virunga zikaziba njia, ziwa likajaa likafurika kusini, na tangu hapo mto Ruzizi unayashusha hadi Tanganyika. Kwa nini basi tusiteke yetu hapa chini tu? Tukakodi pikapu, tukateka bido za njano, yaani madumu, arobaini na kitu. Mke wa mjomba, aliyekuwa bado na kabati yake moyoni, alisema sambaza, wale dagaa wa Kivu, nao walipandishwa huku kutoka Tanganyika miaka ya 1950, na wao angalau wanaliwa.

Akatugawia hao sambaza pia, wachache, waoze majini. Bila uozo hakuna chakula cha bakteria, na bila bakteria uchafu wa samaki unabaki kuwa amonia, nayo ni sumu kwao. Kwa wiki kadhaa tulifuga maji matupu. Wageni walikaa wakiyatazama kwa adabu.

Samaki walipanda kutoka Uvira kwa barabara ya Ngomo, ndani ya mifuko ya plastiki: Tropheus weusi wenye mshipi wa rangi ya chungwa, ambao mama hubeba mayai kinywani, na kundi la brichardi, wale ambao watoto wakubwa huwasaidia wazazi kulinda wadogo zao.

Umeme ulikatika wiki ile ile, jioni hadi mchana wa kesho yake. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, usiku ni baridi, na samaki hawa wanataka nyuzi 25. Pampu ndogo ya betri ilitoa hewa. Joto halikushuka hata nyuzi mbili, maana lita mia tisa ndani ya zege nene hazipoi upesi. Ile ya mezani ingekuwa imepoa vibaya kabla ya alfajiri, na wale marafiki walikuja kuangalia, wakanyamaza.

Mzee alipofuata salio la pesa zake, alisimama mbele ya kioo akauliza kama wananenepa. Mjomba akamwambia hawaliwi. Mzee akamtazama mke wa mjomba, naye akainua mabega. Wakaanza kuzungumzia tangi la maji ya mvua nyuma ya jiko, na kabati ya vyombo iliyojengwa mwezi uliofuata kwenye ukuta wa pili, kwa nondo na simenti zilizobaki.