Ninavyowaandikia watoto wa Pwani vipindi vya planetariamu

Planetariamu yetu ni ya hema: kuba la kitambaa linalojazwa upepo kwa feni, watoto wanaingia kwa kutambaa, projekta inamwaga nyota juu ya vichwa vyao. Tunazunguka nayo shule za msingi za Pwani ya Kenya, hasa Kilifi na Malindi. Wenzangu wanashughulika na mitambo. Hadithi ni juu yangu.

Projekta ilikuja na vipindi vyake, vizuri kwelikweli, ila vya watoto wa Ulaya. Vyote vilianza na Nyota ya Kaskazini. Kilifi iko zaidi ya nyuzi tatu kusini mwa ikweta, na kwa mtoto wa huko nyota hiyo haichomozi abadani. Mwezi mchanga nao waliuchora umesimama, ilhali kwetu mara nyingi hulala chali. Kutafsiri kusingesaidia kitu. Nikafungua Stellarium, programu ya bure inayoonyesha anga la mahali na saa yoyote, nikaiwekea mahali Kilifi, saa moja na nusu usiku, tarehe ya siku ya kipindi. Tangu hapo sharti langu ni moja: nyota ninayoitaja, mtoto aweze kuitafuta usiku uleule nje ya nyumba yao.

Hapo ndipo Kilimia, kile kishada cha nyota ndogo, kilipopata nafasi yake. Nilimwendea mzee mmoja, nahodha wa zamani wa jahazi. Baada ya shikamoo na marahaba, akanijibu bila kufikiri: “Mjukuu wangu, kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua.” Nikaupeleka msemo kwenye programu na kuikimbiza miezi. Mwanzoni mwa Mei, masika yakimwagika, Kilimia kinamezwa na mwanga wa machweo. Juni kinarudi alfajiri, upande wa mashariki. Basi ndani ya hema nausema msemo nusu tu, na kila mara kuna mtoto anayeumalizia kwa sababu amemsikia bibi yake. Kwangu hiyo inashinda picha yoyote ya galaksi.

Giza lina taratibu zake. Likija ghafla, wadogo hulia, na wakubwa hupiga mayowe makusudi. Kwa hiyo kipindi huanza na magharibi ya shuleni kwao: tunafika mapema, napiga picha za uwanja pande zote kwa simu, tunazifanya upeo wa macho. “Mwembe wetu ule!” “Lile goli!” Wakiwa bado wanabishana ni darasa la nani linaloonekana, jua limeshazama na nyota za kwanza zimetoka. Anga nalizungusha polepole, maana likienda mbio wapo wanaoshikwa na kichefuchefu.

Feni inavuma muda wote, hivyo sentensi ndefu haifiki nyuma. Naandika fupi, kisha nasoma kwa sauti jikoni feni ikiwa imewashwa. Takwimu nazipunguza sana. Kipenyo cha Jua kwa kilomita hakimwambii kitu mtoto wa miaka tisa. Nikimwambia Dunia 109 zikitungwa kama shanga ndizo zitakazokatiza Jua, ananyamaza kidogo, kisha anauliza nani atazitunga.

Malindi nina kipande ninachokipenda kupita vyote. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, roketi iliruka kutoka jukwaa la San Marco, baharini pale Ngomeni, ikiwa imebeba setelaiti iliyopewa jina Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kuchunguza eksirei zitokazo angani. Nikitaja Ngomeni tu, hema linalipuka: huyu mjomba wake anavua huko, yule shangazi yake ameolewa huko. Nimeacha mapengo kwenye muswada kwa ajili ya kelele hizo, na yule anayesoma anajua asiendelee mpaka zitulie.

Sasa naandika cha chekechea. Hao inabidi jua lichomoze upesi, kabla hajatokea wa kuomba kwenda chooni. Akiomba mmoja huomba wote, mlango wa hema unabaki wazi, upepo unatoka na anga linatuangukia.