Kwa nini bado namfikiria Hollom

Nimelala kwa tabu, na sababu ni Hollom, mhusika mdogo wa filamu ya mwaka 2003 kuhusu manowari ya Waingereza inayoifukuza meli ya adui. Master and Commander nilishawahi kuiona vipandevipande, lakini jana niliikalia kitako mwanzo hadi mwisho, pamoja na binamu yangu aliyevisoma vitabu vyenyewe, shemeji aliyekuja akitarajia maharamia, na mjomba ambaye ujana wake wote uliishia majahazini.

Shemeji alichoka mapema. "Hakuna mwanamke, hakuna hazina, meli moja inaifukuza nyingine. Basi?" Hayuko peke yake. Mwaka uleule ilitoka Pirates of the Caribbean, ikaingiza zaidi ya dola milioni 600. Hii, iliyoongozwa na Peter Weir, iligharimu kama milioni 150, ikaambulia milioni 210 na ushei. Wengi wakienda kutazama filamu ya bahari wanataka panga na kicheko. Hapa unapewa ukungu, kusubiri, biskuti zenye fukusi, na nahodha na daktari wake wakipiga fidla na cello chumbani baada ya chakula. Mimi naipenda kwa hayohayo. Kwenye Oscar iliteuliwa mara 10 ikapata tuzo 2, ya upigaji picha na ya uhariri wa sauti, na hiyo ya pili nawaunga mkono kabisa. Ongeza sauti uone: hata watu wakinyamaza, mbao za meli bado zinalia.

Binamu naye alikuwa na orodha yake ya malalamiko. Jina la filamu limetoka kwenye riwaya ya kwanza ya mfululizo wa Patrick O'Brian, ya 1969, lakini safari yenyewe imetoka zaidi kwenye ya kumi, The Far Side of the World, ya 1984. Katika kitabu, nahodha Jack Aubrey anaisaka manowari ya Wamarekani, Norfolk, wakati wa vita vya 1812. Filamu imerudisha saa hadi 1805, na adui amegeuka kuwa meli ya Wafaransa, Acheron. "Wameogopa kuwaudhi wanunuzi wa tiketi," alisema binamu. Huenda. Mimi bendera ya adui hainikoseshi usingizi. Kinachoniuma zaidi ni Maturin, yule daktari wa meli. Vitabuni ni jasusi, nusu Mwairishi nusu Mkatalani, mtu wa siri nzito. Kwenye filamu amebakizwa daktari anayekimbilia ndege na wadudu wa Galápagos. Paul Bettany anamcheza vizuri mno, na hilo ndilo linalonifanya nizidi kusikitika.

Mjomba hakujali kitabu wala ujasusi. Alikaa kimya mpaka meli ilipofika Cape Horn, mlingoti wa galme ukavunjika juu na baharia mmoja, Warley, akaanguka nao majini. Hapo akainua mkono. "Rudisha, mjomba. Rudisha hapo." Tukarudisha. Akatueleza: mlingoti ukianguka haujakatika na meli, kamba bado zimeushika, tanga limejaa maji, na mzigo ule wote unaburuta meli nyuma mpaka igeuziwe ubavu kwenye mawimbi. Warley anauogelea mlingoti uleule ambao wenzake lazima waukate. Na mmoja wa wanaoshika shoka ni rafiki yake, Nagle. "Hapo huna la kumwambia," mjomba alisema. "Unakata tu." Nikamwambia kwamba meli wanayoiona ni nakala iliyojengwa Kanada mwaka 1970, na sehemu kubwa ilipigwa picha kwenye tangi la maji Mexico lililojengwa kwa ajili ya Titanic. Akanitazama kama niliyemtilia chumvi kwenye chai.

Sasa Hollom. Huyu ni ofisa mwanafunzi aliyechelewa. Umri umemwacha na cheo hakijaja. Upepo unakata, maji ya kunywa yanapungua, na mabaharia wanaanza kunong'ona kwamba yeye ndiye mkosi, yeye ndiye Yona wa chombo. (Mjomba: "Nabii Yunus walimpigia kura angalau. Huyu hata kura hapewi.") Nagle anampiga kikumbo makusudi, anachapwa mijeledi, na chuki inazidi. Usiku Hollom anatoka sitahani, anamshukuru mtoto Blakeney kwa wema wake, anaikumbatia risasi ya mzinga na kujitupa baharini.

Kitabuni si hivyo hata kidogo. Kuna mke wa mkuu wa mizinga, Bi. Horner, yeye na Hollom wanapendana, na mume anawaua wote wawili. Binamu anasema filamu imemfuta mwanamke mwenye nafasi kubwa kwenye hadithi kisha ikaweka ushirikina mahali pake, na anaona ni uvivu. Kuhusu Bi. Horner nakubaliana naye. Meli zile zilikuwa na wanawake, na kuwaondoa kumewapa watazamaji picha ya uongo. Lakini kifo chenyewe, nachagua cha filamu. Mauaji ya wivu yana mwenye hatia mmoja, unamjua, unamlaani, unalala. Huku hakuna aliyemsukuma Hollom, na wote wamemsukuma. Kisha Aubrey anasimama kumzika mtu ambaye maiti yake haipo, anakiri kwamba si kila mtu hufikia kuwa yule aliyetarajia kuwa, na mara upepo unavuma. Mabaharia hawajuti. Kwao upepo ndio ushahidi. Hilo ndilo lililoniamsha saa tisa usiku.

Binamu amekataa kata kata kushindwa. Ameahidi kuniazima The Mauritius Command, ya 1977, iliyojengwa juu ya vita halisi vya Waingereza kuwapokonya Wafaransa Réunion na Mauritius, mwaka 1809 na 1810. Mjomba aliposikia Mauritius akauliza swali moja tu: kama mwandishi anajua kusi inaanza lini. Nikikisoma nitamjibu, na akikosea huyo O'Brian mjomba hatamsamehe.