Kabla ya Mashine ya Kuzongea Uzi, Tafuta Mota

Kila msimu wa kusi, bahari inapochafuka na mashua za uvuvi wa burudani za hapa Mombasa na kule Shimoni zikipandishwa pwani kutengenezwa, mimi huhamia chumba cha nyuma na kuunda fimbo za kuvulia. Rafiki zangu waliozoea mshipi wa mkono hunicheka, na sina la kuwajibu, kwani samaki aina ya changu hajali amevutwa kwa kitu gani. Lakini kwa anayewafuata nguru na kolekole kwa rili, yaani kigurudumu cha kukunjia mshipi, fimbo aliyoipima na kuifunga mwenyewe ina raha yake. Wanaotaka kuanza kazi hii huniuliza wanunue mashine gani ya kuzongea uzi, nami huwaambia waiache kwanza, watafute mota ya kukaushia, yaani ya kuizungusha fimbo wakati gundi yake inakauka.

Nimelijua hilo kwa hasara. Pete za fimbo, ambamo mshipi hupita, hushikizwa kwenye ufito, yaani mwili wa fimbo, kwa uzi, kisha uzi ule hupakwa epoksi nyepesi, gundi ya sehemu mbili, ambayo kwa saa kadhaa za mwanzo hutiririka kama asali, na ufito usipozungushwa mfululizo, yote huteremkia upande wa chini. Fimbo yangu ya kwanza niliamua kuigeuza kwa mkono, robo mzunguko kila baada ya dakika chache. Baada ya isha usingizi ukanichukua kitini, na alfajiri nikakuta kila pete imeota kitambi kigumu kama kioo, ambacho hakikutoka ila kwa wembe na siku mbili za kukwangua.

Mota yenyewe si lazima iwe ya dukani. Ile inayozungusha sahani ndani ya mikrowevu huenda mizunguko 5 au 6 kwa dakika na hula wati 3 au 4 tu, mwendo unaotosha kabisa kwa kazi hii. Niliipata kwa kijana anayetengeneza vyombo vya umeme Mwembe Tayari, aliyenitazama kwa mashaka na kuuliza, "Ami, mikrowevu yenyewe iko wapi?" Nilipomweleza alicheka, akalipekua rundo lake, kisha akanionya nisome kibandiko kabla ya kuichomeka, kwa sababu baadhi ya mota hizi ni za volti 220 hadi 240 na nyingine, zinazofanana nazo kwa umbo, ni za volti 21. Kwenye ekseli yake nilifunga kifuniko cha bomba la plastiki chenye skrubu tatu za kubana kitako cha ufito. Mota ya namna hii hushindwa na fimbo nzito ya kuvulia jodari ikiwa ufito haukulazwa sawasawa juu ya vihimili. Kwa fimbo za kawaida haijanisumbua.

Kwa kuzongea uzi, fundi seremala anaweza kukukatia ubao mmoja na vihimili viwili vyenye mkato wa umbo la V, ambavyo utavibandika flana ili ufito uzunguke bila kuchubuka. Kinachohitaji uangalifu ni mkazo wa uzi, na hapo nilichukua visahani viwili na springi yake kutoka kwenye cherehani bovu ya mama, ambavyo hukaza uzi kwa kiasi kilekile tangu mzongo wa kwanza hadi wa mwisho. Uzi ukilegea, pete huhama. Ukikazwa kupita kiasi, huwezi tena kuisogeza pete ikae kwenye mstari. Uzi nao uwe nailoni ya kazi hii, saizi A kwa fimbo nyepesi na saizi D kwa fimbo za mashuani, kwa maana uzi wa kushonea nguo una manyoya, na kila unyoya utauona ukichomoza chini ya epoksi.

Epoksi huchanganywa sehemu moja ya gundi kwa sehemu moja ya kigandishi, na kosa dogo la kipimo huacha uso unaonata kwa wiki nzima. Mimi hutumia mabomba mawili ya sindano, kila moja na chupa yake daima, nikichanganya mililita 3 kwa 3 polepole ili nisitie mapovu, kisha namwaga yote juu ya karatasi ya alumini, kwa sababu ikiachwa kikombeni, katika joto letu, hushika upesi. Mapovu yaliyobaki huyafukuza kwa joto la kitaa cha spiriti kinachopitishwa haraka chini ya uzi. Mikono isiwe na mafuta ya kujipaka. Epoksi hukimbia penye mafuta na kuacha vishimo.

Kuhusu pete, nitasema tu kwamba kwa maji ya chumvi usibane pesa: fremu ya chuma duni hutoa kutu kabla ya msimu kwisha.

Leithi, yaani mashine ya kukerezea, ya kutengenezea vishikio sijainunua. Kishikio cha sponji ngumu naweza kukitoboa kwa kipande cha fimbo iliyovunjika nilichokizungushia msasa. Kwa kuwa ufito huanza mnene na kuishia mwembamba, tundu linalopatikana hufuata wembamba huohuo, na kishikio hukaa pasipo pengo.

Baada ya mota, nyongeza niliyoiona ya lazima ni betri. Umeme ulikatika usiku mmoja, epoksi ikiwa na saa moja tu, nikaugeuza ufito kwa mkono kwenye mwanga wa simu hadi saa tisa za usiku. Siku hizi mota imeunganishwa na inveta ndogo na betri ya pikipiki, na kwa wati 4 inafika asubuhi bila shida.