Korintho: kumtafuta Krispo, mkuu wa sinagogi

Treni ya kwenda Kiato ilitushusha stesheni ya Korintho baada ya mwendo wa zaidi ya saa moja kutoka Athens. Hapo ndipo wageni wengi hukosea: hutoka nje wakiutafuta mji alimohubiri mtume Paulo, nao haupo. Tetemeko la mwaka 1858 lilibomoa mji wa zamani, watu wakahamia pwani kujenga upya. Magofu yako kilomita 7 hivi kutoka huko, chini ya mlima wa Akrokorintho wenye kimo cha mita 575. Tulichukua teksi. Maji na kofia ni vya lazima, kwa kuwa kivuli ni haba, na viatu viwe vya soli inayoshika, maana mawe ya barabara ya kale yamelainika mno kwa kukanyagwa.

Tulichofuata ni mstari mmoja tu, Matendo 18:8: Krispo, mkuu wa sinagogi, alimwamini Bwana, yeye na nyumba yake yote. Ni mstari mfupi, lakini mwenye kujua cheo hicho cha kusimamia nyumba ya ibada ya Wayahudi hawezi kuupita haraka. Jiwe la Theodoto, lenye maandishi ya Kigiriki, lililopatikana Yerusalemu mwaka 1913, linaeleza kazi yenyewe. Theodoto alikuwa kuhani na mkuu wa sinagogi, baba yake mkuu wa sinagogi, babu yake vilevile. Alijenga nyumba ya kusomea Torati na kufundishia amri, pamoja na vyumba vya wageni na maji kwa watokao mbali. Tena kule Antiokia ya Pisidia, Matendo 13:15, wakuu wa sinagogi ndio waliomkaribisha Paulo aseme neno. Kwa desturi hiyo, Paulo hakupata nafasi ya kuhojiana na watu wa Korintho sabato baada ya sabato pasipo ridhaa ya watu kama Krispo.

Tulianzia makumbusho, na nashauri kila mtu aanzie hapo kabla jua halijakuwa kali. Limo jiwe la kizingiti cha juu cha mlango, lililofukuliwa mwaka 1898 kwenye barabara ya Lekaio. Limevunjika pande zote mbili. Herufi za Kigiriki zilizosalia zinatosha kusomeka “sinagogi ya Waebrania”, nazo zimechongwa ovyo, si kwa mkono wa fundi mzuri. Waongozaji wengine huwaambia mahujaji kwamba Krispo alipita chini ya kizingiti hicho. Sivyo. Wataalamu wengi huliweka jiwe hilo karne kadhaa baada yake. Kipo pia kichwa cha nguzo chenye vinara vitatu vya taa saba, nacho ni cha baadaye. Mawe haya yanathibitisha kwamba Wayahudi waliishi hapa muda mrefu. Mlango wa Krispo mwenyewe haujapatikana.

Kutoka makumbusho tulipita hekalu la Apolo, ambalo kati ya nguzo zake 38 zimesimama 7, kisha tukashuka barabara ya Lekaio, iliyokuwa ikielekea bandari ya kaskazini. Hapo simama kidogo ufikirie nyumba zilivyobanana. Paulo alipopingwa alikung'uta mavazi yake, akatoka sinagogini, akaingia nyumba ya Tito Yusto iliyopakana nayo. Hakwenda mtaa mwingine! Baada ya hapo ndipo Krispo alipoamini. Kwa hiyo watu aliokuwa akiwasimamia walikuwa ng'ambo ya ukuta, wakiona nani anaingia wapi. Na Paulo, ambaye kwa kawaida hakubatiza kwa mkono wake, anawataja waliobatizwa naye Korintho: Krispo, Gayo na nyumba ya Stefana.

Mwisho tulifika kwenye bema, jukwaa la mawe katikati ya soko la kale, ambapo Paulo aliletwa mbele ya liwali wa Kirumi, Galio. Usitafute chumba cha mahakama: kesi ilisikilizwa hadharani. Maandishi yaliyopatikana Delphi yanamweka Galio hapa karibu na mwaka 51, na hiyo ndiyo tarehe imara kuliko zote za maisha ya Paulo, hivyo hata kuamini kwa Krispo kunaangukia miaka hiyohiyo. Galio alikataa kuamua mashtaka. Ndipo Sosthene, ambaye sasa ndiye anayeitwa mkuu wa sinagogi, akakamatwa na kupigwa mbele ya kiti hicho. Wengi humwona kuwa ndiye aliyeshika nafasi ya Krispo.

Kabla ya kuondoka tulifungua Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho papo hapo. Mstari wa kwanza unataja watumaji wawili: Paulo, na Sosthene ndugu yetu. Maandiko hayasemi kama ni Sosthene yuleyule aliyepigwa hapa.